Hapa Pana Njia

Kibao kilisema HAPA PANA NJIA. Watu wanne wakakiamini, wakapita, na bahari ikawafungia mlango nyuma yao. Kibao hicho kilitakiwa kusema HAPANA NJIA. Aliyekiandika alikuwa fundi wa vibao aitwaye Herufi, na hapakuwa na mwingine wa kusingiziwa, maana wilaya nzima ile haikuwa na mkono mwingine uliopinda mkia wa J namna hiyo.

Wale wanne walikaa juu ya Mwamba wa Ndege tangu saa sita mchana hadi saa kumi na nusu, maji pande zote, ndege wakiwapigia kelele kwa kuingiliwa viotani. Watatu walirudi na baridi na hofu tu. Wa nne, mwalimu mstaafu aliyekuja kutembea na wanawe, alirudi amelala ndani ya mashua, nyonga imevunjika. Aliteleza akikimbilia mahali pa juu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Herufi alipata habari Jumatano asubuhi, brashi mkononi, kutoka kwa Spoki, fundi baiskeli wa kibanda cha jirani.

"Herufi! Umeandika nini kule?"

"Kule wapi?"

"Mwambani. Watu wanasema kibao chako kimewaita wageni wakaingia baharini."

"Kibao hakiiti mtu. Kibao kinasimama."

"Basi chako kimejifunza kuita," Spoki alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakucheka mwishoni mwa mzaha wake mwenyewe.

Herufi aliweka brashi kwenye mafuta ya taa, akachukua baiskeli.

Wilaya ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzo wake, wa mwisho wake watakuombea afya. Ilikuwa na barabara moja ya maana, nayo ilifuata bahari kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Miaka yote watu walipita kando ya vitu vya ajabu bila kuviona. Kulikuwa na tundu mwambani lililorusha maji juu kila wimbi lilipopiga. Watoto waliliita Babu Anapiga Chafya na kuoshea miguu pale. Kulikuwa na ziwa la chumvi lenye heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama vijiti, na akina mama waliopita na kuni walisema tu kwamba wananuka. Halafu mwaka huo ofisi ya wilaya ikagundua kwamba vitu hivyo vyote vina jina: vivutio. Na kivutio bila kibao ni sawa na mgeni bila mwenyeji. Vikahitajika vibao.

Herufi alipita mbele ya vibao vyake kimoja kimoja. TUNDU LIPUMUALO. ZIWA LA HEROE. UFUKO WA KASA. PANGO LA POPO, ambacho Spoki alikuwa amekisimamia siku nzima akiuliza wapita njia kama popo nao siku hizi wanadaiwa pango. Kila kibao kilikuwa kizuri. Herufi hakuwa mtu wa kujisifu, lakini hakuwa kipofu pia. Alitoka shule darasa la tano, na kila alichokuwa nacho duniani kilitoka kwenye herufi ishirini na kadhaa alizozichukua pale mlangoni wakati anaondoka.

Alipofika, maji yalikuwa yamejaa. Kibao kilisimama ukingoni kabisa, kimenyooka, cheupe, kimekauka vizuri. Kilisema kile walichosema watu kwamba kinasema. Chini ya maneno palikuwa na mshale mwekundu, nao ulielekeza katikati ya maji. Mshale huo haukuagizwa na mtu. Alikuwa na rangi nyekundu iliyobaki.

Alikisoma mara tatu. Kisha akafanya anachofanya fundi akichanganyikiwa: akapima.

Mwandika vibao huanza kwa kuhesabu. Unahesabu herufi, unagawa ubao, unapiga mstari wa chaki, ndipo unachovya brashi. Sasa ukitazama kibao kile kwa jicho la mgeni ungeona uzuri tu. Lakini Herufi aliona kwamba HAPA imekaa kwa raha kama mtu aliyewahi kiti, na NJIA imebanwa, herufi zikikanyagana vidole, A ya mwisho karibu idondoke ukingoni. Akapima kwa shubiri tangu mwanzo hadi mwisho. Ubao ule ulikuwa umegawiwa herufi kumi. Zilizokuwa juu yake zilikuwa kumi na mbili.

HAPANA NJIA ni herufi kumi.

Kwa hiyo alianza kuandika neno moja akamaliza na jingine. Lakini mtu anasomaje hapana, akaandika hapa pana? Huo ulikuwa ulevi, naye hakuwa mlevi. Alijitahidi kukumbuka siku aliyoandika kibao hicho. Alikumbuka joto. Alikumbuka nzi aliyenasa kwenye rangi ya N. Alikumbuka pia kwamba alicheka, peke yake, kwa sauti. Lakini alichekea nini, hilo halikuja.

Na palikuwa na jambo jingine. Njia ipo. Maji yakipwa, mchanga huinuka kati ya ufuko na mwamba kama mgongo wa mnyama, mgumu, mkavu, unaweza kusukuma toroli. Yeye na dada yake waliupita udogoni mara zisizo na hesabu, wakienda kubandua chaza mwambani. Halafu maji hujaa, mgongo unazama, na njia inakuwa uongo. Kwa saa sita kibao chake kilikuwa kweli tupu, na kwa saa sita kilikuwa mtego. Na kile kibao cha ofisi, kama kingeandikwa sawasawa, kingekuwa uongo kwa saa sita hizo hizo. Alisimama pale mpaka kichwa kikamuuma, kisha akapanda baiskeli.

*

Mpwa wake alikuwa anamngoja kibandani. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake, karani wa vivutio katika ofisi ya wilaya, na ndiye aliyempa kazi ya vibao. Alikuwa bado amevaa kitambulisho shingoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mkuu wa ofisi anataka ile karatasi Ijumaa saa tatu. Unayo?"

"Karatasi ipi?"

"Mjomba! Karatasi za vibao kumi vya kwanza zilipigwa chapa, zina muhuri, nakala ipo. Hiki cha kumi na moja kilikuja mwishoni. Mkuu alisema wageni wameanza kuvuka kwenda mwambani, watazama siku moja, wekeni onyo. Nikachana kipande cha kalenda ya mezani, nikaandika kwa mkono, watu wamejaa mlangoni. Nikakupa. Nakala sina."

"Uliandika nini?"

"Niliandika hapana njia." Akakigeuza kitambulisho. "Nadhani niliandika hapana njia. Nimelala macho nikiiona ile karatasi, na kila nikiitazama inabadilika. Niliandika nini, mjomba?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki au hutaki?"

"Ningekuwa sitaki, ningesema sitaki. Unanijua."

Alimjua. Ndiyo maana alikaa, hatimaye, juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Herufi aliuona uso wake na kuona uso wa miaka ishirini nyuma. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika. Kabla mtoto hajaenda shule, walikuwa wakipiga magoti sakafuni mwa kibanda hicho hicho, chaki mkononi, A kubwa kama mlango, B kama mama mjamzito, J kama ndoano. Alipofika darasa la kwanza alikuwa anaandika kama tangazo la dukani. Mwalimu alishtuka.

"Majaribio yangu kazini ni miezi sita," mpwa alisema. "Umebaki mmoja. Mtu wa majaribio hafukuzwi, mjomba. Anaambiwa tu asante. Nimekwisha kuandika maelezo kwamba karatasi ilikuwa sahihi. Sasa kama haikuwa sahihi..."

"Na kama ilikuwa sahihi, ni mimi."

"Ndiyo."

"Basi tuombe iwe sahihi."

Mpwa alimtazama kama mtu aliyepewa mzigo akaambiwa ni zawadi. "Mimi sitaki iwe wewe," alisema. "Na sitaki iwe mimi. Sasa niombe nini?"

Herufi alisema atatafuta karatasi.

*

Alhamisi asubuhi, kabla hajaanza kutafuta, alikwenda hospitali. Hakujua anakwenda kusema nini. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Namba za vitanda ukutani aliziandika yeye miaka tisa iliyopita, na mwalimu mstaafu alilazwa chini ya saba yake, ile yenye mkanda kiunoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni daktari gani, una rangi kucha zote?"

"Mimi ndiye niliyeandika kile kibao."

Bibi yule alimwangalia kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusubiri mwanafunzi amalize kusema uongo.

"Umekuja kuomba radhi, au kuangalia kama nitakufa?"

"Yote mawili."

Alicheka, kicheko kikamgusa nyonga, akakunja uso, akashika ukingo wa kitanda mpaka maumivu yakapita. Herufi alisimama bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Nilifundisha imla miaka thelathini na miwili," mwalimu alisema. "Nasoma, watoto wanaandika, nasahihisha. Kosa nalinusa kabla sijaliona. Kibao chako nilikitazama vizuri. Hapa pana njia. Pa na pa zimepatana, herufi safi, mstari umenyooka. Hakikuwa na kosa hata moja." Akavuta pumzi. "Kingekuwa kimeandikwa vibaya, ningerudi."

Herufi alikwenda hospitali akiwa na maneno ya kuomba radhi, akatoka nayo vilevile, hajayatumia. Muuguzi mlangoni alimwambia bibi atapona, lakini mguu hautarudi kama zamani, atatembelea fimbo.

*

Karatasi ilikuwa kwenye kopo la rangi nyeupe. Alikuwa ameikunja na kuikandamiza chini ya kifuniko ili rangi isiote ngozi, kama alivyozoea kufanya na kila kikaratasi kilichokwisha kazi. Aliibandua polepole kwa kisu. Kingo zilikuwa zimeganda nyeupe, lakini katikati ilisomeka. Kipande cha kalenda, chembamba kama kiganja. Kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa zile herufi kubwa alizomfundisha mwenyewe sakafuni, mpwa wake aliandika hivi:

HAPA
NA NJIA

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa raha, na baadaye aliionea aibu raha hiyo kuliko kosa lenyewe. Si mimi, alisema moyoni. Si mimi!

Ndipo kicheko kikarudi. Alikumbuka sasa alichekea nini. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, amekwisha gawa herufi kumi, amekwisha andika HAPA, akatazama karatasi mara ya pili, akasema kwa sauti, "Watoto wa siku hizi wanameza silabi kama vidonge." Hapa na njia! Mtu aliyesoma mpaka chuo hajui kwamba ni hapa *pana* njia? Akamsaidia. Akaongeza PA, akabana NJIA ikaenea, akajipongeza. Darasa la tano lilikuwa limesahihisha chuo. Akachora na mshale.

Alikuwa bado ameishika karatasi alipoona kitu kingine. HAPA, ukingo, NA. Kipande kilikuwa chembamba. Neno halikutosha. Mtoto aliandika HAPANA, karatasi ikamwishia njiani, akamalizia chini.

Sasa, watu wa ofisini hukata maneno mwisho wa mstari kila siku. Mwandika vibao hakati. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile: neno halivunjwi. Likikataa kuenea unalipunguza, likikataa kabisa unatafuta ubao mwingine, kwa sababu mpita njia hasomi neno na nusu. Miaka thelathini macho ya Herufi yalikuwa hayajaona nusu neno. Kila mstari kwake ulikuwa umekamilika. Hata kama wangempa karatasi hiyo mara mia, mara zote mia angesoma hapa, kisha na njia, na mara zote mia angehisi pengo akalijaza.

Palikosekana kistari tu, kile kijistari kifupi kinachosema neno halijaisha, subiri. Mpwa wake hakukiweka. Na nani angemfundisha? Yule aliyemfundisha herufi hakuwa na kistari katika kazi yake.

Alitoka nje, akampa Spoki karatasi.

"Hapa... na njia," Spoki alisoma. "Hapa na njia? Hapa na njia na nini? Nani kaandika hii, alikuwa anasinzia? Herufi, ndugu yangu, kumbe kosa si lako! Ipeleke leo leo ukaoshe jina."

Alikwenda nyumbani. Mkewe alikuwa anafua uani. Alimwonyesha karatasi, na mkewe akaisoma mikono ikiwa ndani ya povu.

"Hapana njia," alisema.

"Soma tena."

"Hapana njia. Kwani ulitaka nisome nini? Au sasa unanipima macho?"

Herufi aliketi kwenye kizingiti. Karatasi moja, mwandiko mmoja. Kwa jicho la Spoki ilimwosha yeye na kumzamisha mtoto, kwa jicho la mkewe ilimzamisha yeye na kumwosha mtoto. Na mkuu wa ofisi je, alikuwa na jicho la nani? Akiichoma, litabaki neno la mpwa bila ushahidi, na karani asiyeweka nakala. Akiipeleka kama ilivyo, atakuwa amerusha shilingi hewani. Mtu wa majaribio hasalimiki kwenye mashaka. Mashaka ndiyo yanayotumiwa kumwambia asante.

Mkewe alikamua shuka. "Kuna nini?" aliuliza.

"Hapana kitu."

"Hapana, au hapa pana?" Habari ilikuwa imeshafika kila mahali.

Mchana ule, jua likiwa utosini, Herufi alifunga mlango wa kibanda kwa mara ya kwanza tangu akijenga. Akaweka karatasi juu ya meza. Alikuwa na kalamu ya wino wa bluu, ile ile ya kawaida iliyoko kila duka. Alijaribu pembeni, kwenye gazeti, vistari ishirini. Mkono ulioandika jengo zima la mahakama bila rula ulikuwa unajifunza upya alama isiyozidi punje ya mchele. Aliwaza kwamba wiki sita zilizopita aliongeza herufi mbili kwenye maneno ya mtu bila kumuuliza, akavunja nyonga. Aliwaza hivyo vizuri, mpaka mwisho. Kisha akashusha kalamu.

HAPA-

Kilitoka kizuri mno. Kimenyooka, ncha zote mbili zimekatwa sawa.

*

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kutazamia watu. Alitumia ya kusoma. Mpwa alisimama kando ya kabati, mikono nyuma.

"Hapa, kistari, na. Hapana njia," mkuu alisoma. "Imeeleweka. Sasa wewe fundi, ulisoma nini?"

"Nilisoma nilichokijua."

"Maana yake?"

"Naijua njia ile tangu utoto. Niliona hapa, nikaona na njia, nikadhani silabi imepotea. Nikaiweka."

"Ukaongeza."

"Nikaongeza."

"Bila kuuliza."

"Bila kuuliza. Na mshale pia ni wangu."

Mkuu alibadilisha miwani, akamtazama, kama vile mshale ulikuwa umemsikitisha zaidi ya yote. Kisha akamgeukia karani, akamnyooshea karatasi. "Hii ndiyo uliyoandika?"

Mpwa aliipokea. Herufi alimwona akiisoma. Aliona macho yanakwenda, yanafika ukingoni, yanasimama. Kidole gumba chake kikapanda taratibu mpaka juu ya kistari, kikakaa hapo, kama kinahisi mapigo ya moyo.

"Ndiyo," alisema.

"Mwandiko wote ni wako?"

Feni ya darini ilizunguka, ikigonga kitu kila mzunguko. Tik. Tik. Herufi alizihesabu. Ya sita, mpwa wake alimwangalia, na katika macho hayo hakukuwa na asante wala hasira, kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiandikia kibao.

"Wote," alisema.

Mkuu akaiweka karatasi kwenye faili. Vibao vyote vya Herufi vingeng'olewa, alisema, si kimoja tu, kwa sababu wananchi wamepoteza imani. Vingetengenezwa vipya mjini kwa mashine. Jina la fundi lingeondolewa kwenye orodha ya ofisi. Karani angeendelea. Herufi alisema sawa, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko karatasi yenyewe.

Mpwa alimfuata mpaka nje, kwenye ngazi. Walisimama upande wa kivuli.

"Mimi sijawahi kuweka kistari maishani," alisema. "Hukunifundisha."

"Sikukufundisha."

"Umeniongezea."

"Kidogo tu."

"Kama ulivyoongeza PA."

Herufi alitazama viatu vyake. Vilikuwa na matone ya rangi za vibao vyote kumi na kimoja.

"Wangekuambia asante," alisema.

"Labda. Na labda wasingeniambia. Labda ningesema mwenyewe, mkuu, niliacha kistari, nisamehe, na angenisamehe. Sasa sitajua." Sauti yake haikupanda. "Kila siku nitaingia mle ndani kwa kistari ambacho si changu. Ungeniuliza. Mara mbili ungeweza kuniuliza."

"Nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Ndiyo maana sijui nikasirike wapi." Alifuta macho kwa nyuma ya mkono, akakiweka sawa kitambulisho. "Haya. Asante, fundi."

Akarudi ndani. Herufi alibaki ngazini akisubiri lile neno jingine, kama mtu anayesubiri chenji iliyosahaulika, mpaka mlinzi akamuuliza kama anahitaji msaada.

*

Vibao vipya vilikuja baada ya miezi miwili. Herufi alikwenda kukitazama kile cha mwambani siku ambayo maji yalikuwa yamepwa. Herufi za mashine, zote zina unene mmoja, hazina mkono wa mtu. HAPANA NJIA. Nyuma ya kibao, njia ilikuwa imelala wazi, pana, kavu, na nyayo za ndege zimeipita kwenda na kurudi. Ilimngoja kama saa nzima. Hakupita. Hakujua kama ni kwa sababu ya kibao, au ya maji, au ya kitu kingine.

Kibandani Spoki alimwuliza, kwa mzaha, mambo yote hayo yamemgharimu nini. Herufi aliendelea kusafisha brashi, akajikuta anahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko kunakotangulia.

Herufi mbili, P na A. Mshale mmoja. Kistari kimoja. Saa nne na nusu juu ya mwamba. Nyonga ya mwalimu, na fimbo atakayotembelea. Vibao kumi na kimoja. Na neno moja: mjomba. Dada yake anasema mtoto bado analitumia nyumbani anapomtaja. Yeye hajalisikia tena. Wakikutana njiani, mpwa wake husimama, humwamkia vizuri kwa heshima zote, na humwita fundi.